Kisakinishi cha Linux kisichodai mega: mbinu kwa mafundi wa Kamina

Maelekezo mengi ya kuweka Linux kwenye kompyuta ya zamani yanaanza kwa kumwambia fundi aunganishe mashine na intaneti. Kwa fundi wa Kamina safari inaishia hapo. Intaneti yake imo ndani ya simu, mega anazinunua kidogo kidogo kwa Vodacom, Airtel au Orange, na kisakinishi cha kawaida kikishaanza kuvuta pakiti kinaweza kuzimaliza zote kazi ikiwa haijafika nusu. Hapo umeme haujakatika bado. Kwa hiyo tukisema kisakinishi chepesi, tusitazame RAM peke yake. Tuulize pia kinadai mega ngapi baada ya flashi kuchomekwa, na tukubali kile tu kisichodai hata moja.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kujenga flashi yako mwenyewe, mara moja, mahali penye mtandao wa kuaminika, tuseme Lubumbashi, kisha unarudi nayo au unampa msafiri. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, ni njiapanda ya reli: njia moja inatoka Lubumbashi ikipitia Bukama, nyingine inakwenda Kaniama, Kananga hadi Ilebo, ya tatu inapita Kabongo kuelekea Kabalo. Ukijenga kitu kinachofanya kazi bila mtandao hapa, kitafanya kazi huko kote.

Kabla ya kujenga, panga mashine zako. Iwashe kila moja kwa flashi yoyote ya Linux uliyo nayo, fungua kidirisha cha amri, uandike:

lscpu | grep op-mode

Jibu likitaja biti 32 na biti 64 pamoja, mashine hiyo haina shida kubwa. Watu wengi wanadhani kila kompyuta kuukuu ni ya biti 32, lakini Core 2 Duo zilizoanza kuuzwa katikati ya 2006 ni za biti 64, na ndizo zimejaa kwenye mitumba kutoka Ulaya. Hizo ziwekee Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa utaratibu huu huu. Zinazobaki ni Pentium M, Pentium 4 za mwanzo, Core Duo za mwanzo wa 2006, na zile kompyuta ndogo za Atom N270 zilizotoka 2008. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32, basi kwa hizi tumia Debian 12 (bookworm) ya Juni 2023, ambayo mradi wa Debian umepanga kuitunza hadi Juni 2028.

Kuna kundi la tatu, na hapa nitasema bila kuzunguka. Pentium III na Athlon XP hazina maagizo ya SSE2, na Firefox inayadai tangu toleo la 53 la mwaka 2017. Ng'oa RAM, diski na nyaya, mengine yaache. Vilevile Pentium 4 ya mezani ya kizazi cha Prescott: prosesa peke yake imepangiwa kati ya wati 84 na 115, wakati Atom N270 imepangiwa wati 2.5. Mwenye shule anayetegemea paneli za jua utakuwa umemfukarisha kwa kumfufulia mashine ya namna hiyo, hata ukiifanya bure.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusichukue antiX, ambayo imejengwa juu ya Debian na ina toleo la biti 32, au Puppy, aliyoianzisha Barry Kauler mwaka 2003. Ni mifumo mizuri, na Puppy inafaa kuwekwa mfukoni kwa ajili ya kuokoa mafaili ya mashine iliyokufa. Ila haijui printa ya mteja wako, haijui kibodi yake, wala fonti za kazi anayoletewa na wanafunzi. Hayo utayaweka wewe kwa mkono kwenye kila mashine, na kila mara utaomba mega. Heri kuyaweka mara moja ndani ya flashi.

Chombo cha kujengea ni live-build. Kinafanya kazi kwenye kompyuta yoyote yenye Debian 12, hata ya biti 64. Tumia yenye betri nzima.

sudo apt install live-build apt-cacher-ng
mkdir kamina
cd kamina
lb config --distribution bookworm --architectures i386 --linux-flavours 686 --archive-areas "main contrib non-free-firmware" --apt-recommends false --debian-installer live --apt-http-proxy http://127.0.0.1:3142

Mambo matatu katika mstari huo mrefu yanahitaji maelezo. La kwanza ni kiini (kernel) cha 686 kisicho na neno pae. Pentium M za mwanzo hazitangazi PAE, na kiini kinachoidai kitagoma kuwaka juu yake. Kiini cha 686 kinawaka kwenye zote. Hasara yake ni kutoiona RAM inayozidi gigabaiti 4, jambo ambalo mashine hizi hazitalisikia. La pili ni neno live baada ya --debian-installer: kisakinishi hakitafungua pakiti moja moja, kitanakili mfumo mzima uliokwisha kupangwa na kuuweka kwenye diski. Kwenye prosesa dhaifu na diski inayokoroma, tofauti yake utaiona. La tatu ni apt-cacher-ng, inayoweka akiba ya kila pakiti iliyokwisha kushushwa. Utajenga, utajaribu, utarekebisha, utajenga tena. Bila akiba hiyo utalipa mtandao upya. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kusafisha kabla ya kujenga tena andika sudo lb clean, basi. Ukiongeza --purge unafuta na akiba ya live-build yenyewe.

Sasa orodha ya pakiti. Tengeneza faili config/package-lists/kamina.list.chroot na uandike majina ndani yake. Anza na user-setup na sudo. Tumezuia pakiti za kupendekezwa ili kupunguza uzito, na hizi mbili huenda nazo. Zikikosekana, flashi itawaka vizuri lakini haitakuwa na mtumiaji wa kuingia. Kisha xserver-xorg, lightdm, icewm, pcmanfm na lxterminal. IceWM haina urembo, lakini ina upau chini na menyu kwenye kona, na mtu aliyezoea Windows XP anaishika siku hiyo hiyo. Ongeza network-manager-gnome, na pia usb-modeswitch na modemmanager kwa wenye modemu za kuchomeka.

Kwa kazi za ofisi usidanganyike na AbiWord. Ni nyepesi kweli, ila faili ya docx yenye majedwali inaivuruga, na katika mji wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Weka libreoffice-writer, libreoffice-calc, libreoffice-gtk3 na libreoffice-l10n-fr, acha sehemu nyingine za LibreOffice. Halafu fonti, jambo linalosahauliwa kuliko yote: fonts-liberation inashika nafasi ya Arial na Times New Roman kwa vipimo vile vile, fonts-crosextra-carlito inasimama badala ya Calibri, fonts-crosextra-caladea badala ya Cambria. Mwanafunzi anayeleta TFC yake (kazi ya kumaliza masomo) kwenye flashi ameshaandika jedwali la yaliyomo. Fonti isipokuwepo mistari inasogea, sura inayoanza ukurasa wa 14 inakwenda wa 15, na lawama zote zinaangukia mashine yako.

Sehemu ya kadi za Wi-Fi na printa ndiyo yenye mitego. Firmware-iwlwifi, firmware-realtek na firmware-atheros zinaingia kwenye orodha bila taabu. Kadi za Broadcom za zamani ni habari nyingine: pakiti yao, firmware-b43-installer, haibebi faili zenyewe, inakwenda kuzichukua kwenye intaneti wakati wa kusakinishwa. Kwa hiyo, ukiwa bado Lubumbashi, zipate faili hizo kwenye mashine yenye kadi kama hiyo na uziweke chini ya config/includes.chroot/usr/lib/firmware/b43. Chochote unachokiweka ndani ya includes.chroot kitatokea mahali pake kwenye mfumo mpya. Printa nazo: cups, system-config-printer na hplip zinatosha kwa HP nyingi, lakini baadhi, kama LaserJet 1020, zinadai nyongeza ya HP ambayo Debian haina ruhusa ya kuigawa. Shusha nyongeza inayolingana sawasawa na toleo la hplip uliloliweka, itupe ndani ya includes.chroot/opt, na ukifika kwa mteja utaisakinisha kwa hp-plugin -p ukitaja folda hiyo. Kabla ya kujenga pita kwenye vibanda uandike majina ya printa. Ni asubuhi moja ya kutembea, inakuokoa mwezi wa kuhangaika.

Pakiti mbili ndogo zinastahili kusemwa peke yake. Zram-tools inageuza sehemu ya RAM kuwa ghala lililobanwa, ili mashine yenye megabaiti 512 au gigabaiti moja isikimbilie diski kila dakika; ndani ya /etc/default/zramswap weka PERCENT=50. Ya pili ni fake-hwclock. Betri ya duara ya CR2032 kwenye mashine hizi mara nyingi imekufa, na kila ukizima umeme saa inarudi miaka ya nyuma. Mwenye mashine haoni saa; anachoona ni kwamba kila tovuti inakataa kufunguka kwa madai ya cheti kibovu, au apt inalalamika kwamba faili ya Release haijaanza kutumika. Fake-hwclock inaandika saa wakati wa kuzima na kuirudisha wakati wa kuwasha, kwa hiyo mashine haitarudi 2005. Haitakuwa sahihi kabisa, kwani muda iliokaa imezimwa hauhesabiwi. Betri mpya ni bora, ukiipata.

Maswali ya kisakinishi yanajibiwa mapema katika config/includes.installer/preseed.cfg:

d-i debian-installer/locale string fr_FR.UTF-8
d-i time/zone string Africa/Lubumbashi
d-i netcfg/enable boolean false
d-i apt-setup/use_mirror boolean false
d-i apt-setup/services-select multiselect
d-i clock-setup/ntp boolean false
d-i debian-installer/add-kernel-opts string fsck.repair=yes

Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na fundi anayechagua nchi bila kutazama atamwachia mteja saa ya huko. Mistari inayofuata inakifunga kisakinishi mdomo: hata simu ikiwa imechomekwa, hakitatafuta mtandao wala ghala la pakiti. Mstari wa mwisho ni wa umeme wetu. Mashine ikizimika ghafla, safari nyingine inawaka ikiwa na hitilafu kwenye diski na kusimama kwenye kioo cheusi ikimngoja mtaalamu. Kwa fsck.repair=yes inajirekebisha yenyewe na kuendelea.

Mambo mawili nimeyaacha bila majibu kwa makusudi. Moja ni mgawanyo wa diski. Usiweke kamwe jibu la kufuta diski nzima ndani ya flashi itakayopita mikononi mwa watu. Muulize mwenyewe: “Mama, humu ndani mna kitu chako?” Atasema hamna. Muulize tena kuhusu picha, na kuhusu daftari la wadeni. Mara ya pili hukumbuka.

La pili ni kibodi. Mashine zinazotoka Ubelgiji na zinazotoka Ufaransa zote ni AZERTY, na ukiziweka kando kwa kando hutaona tofauti upesi. Tazama kitufe cha 8. Kikiwa na alama ya mshangao chini ya tarakimu, ni kibodi ya Ubelgiji, chagua be. Kikiwa na mstari wa chini, ni ya Ufaransa, chagua fr. Hakikisha pia kitufe cha 6: Ubelgiji ina §, Ufaransa ina kistari. Alama ya @ kwa Wabelgiji iko kwenye kitufe cha 2, kwa Wafaransa kwenye 0, zote kwa AltGr. Kosa hapa halionekani siku ya kwanza kwa sababu herufi zote ziko sawa. Linajitokeza mtu anapoandika neno la siri lenye alama, au anwani ya barua pepe, na anakuja kukuambia mashine imeharibika. Zilizopitia Dubai au Uingereza zina QWERTY, hizo zinajulikana mara moja.

Sasa jenga:

sudo lb build

Ukimaliza utaona faili live-image-i386.hybrid.iso. Usikimbilie flashi. Ijaribu kwanza ndani ya mashine ya kuigiza, ukiinyima RAM kwa makusudi:

qemu-img create -f qcow2 jaribio.qcow2 10G
qemu-system-i386 -m 512 -hda jaribio.qcow2 -cdrom live-image-i386.hybrid.iso -boot d

Sakinisha humo mpaka mwisho, mtandao ukiwa umezimwa. Ikiomba kitu chochote, kitu hicho kimekosekana kwenye orodha, na ungali mahali ambapo unaweza kukipata.

Flashi yenyewe inafaa kuchunguzwa. Nyingi zinazouzwa sokoni kwa bei ya kutupa zimeandikwa gigabaiti 64 na ndani zina 4 au 8, na data inayozidi inapotea bila neno. Sakinisha pakiti ya f3, kisha sudo f3probe /dev/sdb itakuambia ukubwa wa kweli. Hakikisha kwa lsblk kwamba sdb ndiyo flashi, si diski yako. Ndipo uandike:

sudo dd if=live-image-i386.hybrid.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Mashine ambayo haijui kuwaka kwa flashi inahitaji DVD, au CD ya Plop Boot Manager itakayoiamsha na kuipeleka kwenye flashi. Na kabla ya kusakinisha popote, tazama afya ya diski kwa sudo smartctl -a /dev/sda (pakiti ni smartmontools, iweke kwenye orodha). Current_Pending_Sector ikiwa juu ya sifuri, mwambie mwenye mashine anunue diski nyingine kwanza. Linux haiponyi chuma. Safisha na feni, vumbi jekundu la kwetu linaziba njia ya hewa, prosesa inapata joto na kujipunguza kasi, halafu mtu anakuja na maneno yale yale: “Papa, masini yangu iko nzito.” Wakati mwingine brashi inatosha.

Kivinjari ndicho kitakachoendelea kukusumbua. Mozilla imeacha kutengeneza Firefox ya biti 32 ya Linux baada ya toleo la 144 la mwaka 2025, na tawi la matunzo ya muda mrefu, ESR 140, ndilo la mwisho. Weka firefox-esr na firefox-esr-l10n-fr, ila usimwahidi mtu kwamba kompyuta yake ya Atom itafungua kila tovuti. Shuleni kuna njia nyingine. Chukua mashine moja ya biti 64, iwekee kiwix-tools na faili ya Wikipedia ya Kiswahili au ya Kifaransa, kisha endesha kiwix-serve --port 8080 pamoja na jina la faili. Zile nyingine zinaunganishwa kwa waya na kusoma kutoka hapo.

Limebaki suala la masasisho. Kwa kuwa umezuia ghala la pakiti, kisakinishi hakitaliandika; weka mwenyewe mistari ya bookworm na bookworm-security ndani ya includes.chroot/etc/apt/sources.list.d/kamina.list, na uongeze apt-offline kwenye orodha. Mashine inapokuwa tayari:

sudo apt-offline set kamina.sig --update --upgrade

Faili hiyo ndogo inapelekwa mjini, na huko mtu anaendesha apt-offline get kamina.sig --bundle kamina.zip kwenye kompyuta yenye mtandao. Zip ikirudi, sudo apt-offline install kamina.zip, halafu sudo apt upgrade. Safari ya kwanza italeta hasa orodha mpya za pakiti, kwa hiyo masasisho yenyewe mengi yatakuja na safari ya pili. Mashine zote zilizotoka kwenye flashi moja zina pakiti zile zile, basi sig moja inazihudumia zote, mradi usimruhusu mtu kuongeza programu kwenye ile unayotolea sig.